Maneno ya Kila Siku ya Kijapani na Maana Zake

Kijapani cha kila siku kina vifungu vya maneno ambavyo havibadiliki. Kipo cha kutoka nyumbani na kipo cha kurudi, kipo cha kuanza kula na cha kumaliza, cha kumwita mhudumu, na cha kumuaga mwenzako wa kazini jioni. Vingi vya vifungu hivi huitwa *aisatsu*, yaani salamu na adabu za maneno, na watoto hufundishwa tangu wakiwa chekechea. Kamusi hutoa tafsiri ya kila kimoja, lakini mara nyingi tafsiri hiyo haitoshi, kwa kuwa maana yenyewe hutegemea mambo matatu: nani anasema, anamwambia nani, na ni wakati gani.

Msemaji wa Kiswahili anaingia katika somo hili akiwa na mtaji mzuri. Anajua tayari kwamba "shikamoo" haipewi rika, kwamba "pole" haina maana ya kukiri kosa, na kwamba anayebisha "hodi" anangoja kuambiwa "karibu". Kijapani kimejaa maneno ya namna hiyo.

Sauti kabla ya maana

Vokali za Kijapani ni tano, a, e, i, o, u, na matamshi yake yanakaribiana sana na ya Kiswahili. Silabi nyingi huishia kwa vokali. Kwa hiyo Mswahili akisoma neno la Kijapani lililoandikwa kwa herufi za Kilatini hueleweka mapema kuliko wageni wengi.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni urefu wa vokali. *Obasan* ni shangazi au mama mdogo. *Obaasan* ni bibi. *Ojisan* ni mjomba au baba mdogo. *Ojiisan* ni babu. Anayefupisha vokali hubadilisha ukoo wa mtu. Katika makala hii vokali ndefu zimeandikwa mara mbili, kama zinavyoandikwa katika "kaa" na "choo". La pili ni konsonanti inayokazwa: *kite* ni "njoo", lakini *kitte*, ambapo sauti husita kidogo kabla ya t, ni stempu ya barua. Aidha, u ya mwisho katika *desu* na *masu* husikika kwa mbali sana, na pengine isisikike kabisa.

Yapo pia maneno yanayofanana na ya Kiswahili kwa sura peke yake. *Nani* kwa Kijapani ni "nini", *kuni* ni nchi, *hata* ni bendera, *moto* ni asili au chanzo, na *uma* ni farasi. Hakuna uhusiano wowote wa asili hapa. Ni bahati iliyoletwa na silabi zinazofanana.

Salamu za saa na za mahali

Asubuhi husemwa *ohayoo gozaimasu*. Mzizi wake ni *hayai*, "mapema", hivyo salamu hii kwa asili inatambua kwamba mwenzako ameamka mapema. Rafiki au ndugu huambiwa *ohayoo* tu. Mkubwa, mwalimu, jirani au mteja hupewa kifungu kizima. Katika vituo vya utangazaji, kumbi za maigizo na mikahawa mingi, mfanyakazi anayeingia zamu husema *ohayoo gozaimasu* hata kama ni saa mbili usiku. Hapo salamu inafungua siku ya kazi, hata kama jua limeshatua.

Mchana ni *konnichiwa*, na jioni ni *konbanwa*. Yote mawili ni sentensi ambazo hazikumaliziwa. *Konnichi* ni "siku hii ya leo", *konban* ni "jioni hii", na *wa* ni kiangami kinachotaja jambo linalozungumziwa. Zamani yalifuatia maneno kuhusu hali ya siku au ya mwenzako. Leo yamebaki yale ya mwanzo. Salamu hizi mbili zina umbali kidogo ndani yake. Watu wa nyumba moja hawaambiani *konnichiwa*, na wafanyakazi wa ofisi moja kwa kawaida hawaambiani hivyo pia.

Neno la Kijapani linalojulikana zaidi duniani kwa kuagana ni *sayoonara*. Limetokana na *sayoo naraba*, "ikiwa ni hivyo", jambo linalokaribia sana "haya basi" ya Waswahili wanapovunja mazungumzo. Hata hivyo matumizi yake ya kila siku ni machache kuliko wageni wanavyodhani. Wanafunzi humwambia mwalimu wanapotoka shuleni, lakini kati ya watu wazima neno hilo hubeba uzito wa kutengana kwa muda mrefu. Marafiki huagana kwa *ja, mata*, "haya, tutaonana tena", au *mata ashita*, "mpaka kesho".

Mlangoni na mezani

Anayetoka nyumbani husema *ittekimasu*, na anayebaki hujibu *itterasshai*. La kwanza limeunganisha vitenzi viwili, kwenda na kuja: "naenda, nitarudi". La pili ni jibu la vitenzi hivyo hivyo kwa heshima: "nenda, urudi". Anayerejea husema *tadaima*, ambalo maana yake ni "sasa hivi", kwa ufupi wa "nimefika sasa hivi", na walioko ndani hujibu *okaeri nasai*, "karibu tena nyumbani". Wajapani wengi wanaoishi peke yao husema *tadaima* hata nyumba ikiwa tupu.

Mgeni anayeingia nyumba ya mtu husema *ojama shimasu*, "nakuja kuwasumbua", huku akivua viatu mlangoni. Kazi ya maneno hayo ni ile ile ya "hodi": kuomba njia kabla ya kuingia katika eneo la mwingine. Dukani hali hugeuka, kwa maana mwenye duka ndiye anayeanza na *irasshaimase*, "karibuni". Mteja hatakiwi kuijibu. Kuinamisha kichwa kidogo kunatosha.

Kabla ya kula, viganja hukutanishwa na kila mmoja husema *itadakimasu*. Kitenzi *itadaku* kilimaanisha kuweka kitu juu ya kichwa, kama alivyofanya mtu aliyepokea zawadi kutoka kwa mkubwa wake, akaiinua kuonyesha heshima. Baadaye kikawa kitenzi cha unyenyekevu chenye maana ya kupokea, kula au kunywa. Shukrani yake huwaendea waliopika, waliolima na waliovua, na kwa maelezo wanayopewa watoto wengi, humwendea pia mnyama au mmea uliotoa uhai wake. Baada ya kula husemwa *gochisoosama deshita*. Ndani yake mna neno *chisoo*, lenye maana ya kukimbia huku na huko: mwenyeji alihangaika kutafuta vyakula ili mgeni ale vizuri, na mgeni anautambua usumbufu huo. Kifungu hiki husemwa pia kwa mwenye mkahawa, mteja anapotoka.

Kazini

Neno linalosikika zaidi ofisini ni *otsukaresama desu*. *Tsukare* ni uchovu, na kifungu kizima kinakaribia "pole na kazi". Wafanyakazi huambiana wakipishana ukumbini, wakianza simu ya ndani ya kampuni, na jioni wakiagana, ambapo hugeuka kuwa *otsukaresama deshita*, kwa kuwa kazi imekwisha. Lipo neno la karibu, *gokuroosama*, ambalo kwa desturi ya ofisini mkubwa humwambia mdogo. Kijana akimwambia meneja wake *gokuroosama* huonekana amejikweza.

Anayeondoka kabla ya wenzake husema *osaki ni shitsurei shimasu*. *Osaki ni* ni "kwa kutangulia", na *shitsurei* ni kukosa adabu. Kwa Kiswahili ni "natangulia, mniwie radhi". Neno *shitsurei shimasu* peke yake husemwa pia mtu anapoingia chumba cha mkubwa, anapotoka, na anapokata simu.

Kifungu kinachowasumbua zaidi watafsiri ni *yoroshiku onegai shimasu*. *Yoroshii* ni njia ya heshima ya kusema "-zuri", na *onegai shimasu* ni "naomba". Husemwa mwishoni mwa kujitambulisha, mwanzoni mwa mkutano, mwishoni mwa barua pepe, na baada ya kumkabidhi mtu kazi. Mfanyakazi mpya anapokisema anaomba apokelewe vizuri; mteja anapomwachia fundi saa yake anaomba itengenezwe vizuri. Katika hali zote ujumbe ni mmoja: jambo hili sasa liko kati yetu, nami nakutegemea.

Shukrani na radhi

*Arigatoo gozaimasu* ni "asante". Limetokana na *arigatai*, lililoundwa na "kuwapo" na "kuwa vigumu": jambo ambalo si rahisi kutokea, jambo adimu. Wema uliotendwa umehesabiwa kuwa adimu, na hapo ikazaliwa shukrani. Jambo likiwa limekamilika, husemwa *arigatoo gozaimashita*.

Wapo wanaodai kwamba *arigatoo* imetokana na neno la Kireno *obrigado*. Dai hilo si kweli. Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, ilhali neno lenyewe, kwa maana yake ya kale ya "adimu", limo katika kitabu cha Sei Shoonagon kiitwacho *Makura no Sooshi*, kilichoandikwa karibu na mwaka 1000. Kweli iliyopo ni kwamba Wareno waliacha maneno mengine Japani kama walivyoacha pwani ya Afrika Mashariki. *Pan*, mkate, ni la Kireno, na *karuta*, karata za kuchezea, ni ndugu wa damu wa "karata" ya Kiswahili.

Kwa upande wa radhi, neno la kwanza kujifunza ni *sumimasen*. Kitenzi *sumu* ni "kwisha" au "kumalizika", na *sumimasen* ni ukanushi wake: jambo halijaisha, deni langu kwako bado lipo. Ndiyo maana neno hili hufanya kazi tatu. Aliyemkanyaga mtu kwenye treni huomba radhi kwa *sumimasen*. Anayetaka kumwita mhudumu mkahawani huita *sumimasen!* Na aliyeokotewa mwavuli wake akakimbiziwa nao hushukuru kwa *sumimasen*, kwa sababu amemsumbua mtu. Mgeni anayelijua kama "samahani" tu hushangaa kuombwa radhi na mtu aliyemsaidia, kumbe anashukuriwa.

*Gomen nasai* ni ya ndugu, marafiki na watoto. Haina uzito wa kutosha mbele ya mteja au mkubwa. Katika kosa kubwa la kikazi husemwa *mooshiwake arimasen*, "sina la kujitetea", pamoja na kuinama sana. Kwa mgonjwa husemwa *odaiji ni*, "jitunze", na madaktari na wafamasia huwaaga wagonjwa wote kwa neno hilo, kwa moyo ule ule wa "ugua pole".

Ndiyo ambayo si ndiyo, na hapana isiyotamkwa

*Hai* hutafsiriwa "ndiyo", lakini mara nyingi maana yake ni "nakusikiliza". Wajapani huchangia mazungumzo ya mwenzao kwa vijineno vifupi kama *hai*, *ee*, *soo desu ne* na *naruhodo*, kama Waswahili wanavyoitikia "naam" na "ehee". Desturi hiyo huitwa *aizuchi*, jina lililotoka kwa wahunzi: wawili waliokabiliana wakipiga chuma kimoja kwa kupokezana nyundo. Kwenye simu, asiyeitikia hudhaniwa hayupo, na mwenzake huuliza *moshi moshi?*, yaani "haloo?" Mfanyabiashara wa nje aliyesikia *hai* ishirini katika mkutano asihesabu kwamba amekubaliwa mara ishirini.

Katika maswali ya ukanushi, Kijapani na Kiswahili hukubaliana. Akiulizwa *Tabemasen deshita ka?*, "Hukula?", aliyekaa na njaa hujibu *Hai, tabemasen deshita*, "Ndiyo, sikula". Hapo Mswahili hana la kujifunza upya.

Kukataa ndiko kwenye mtihani. *Iie*, "hapana", lipo katika kamusi, lakini kumkatalia mtu usoni huepukwa. Neno linalotumika sana ni *chotto*, "kidogo". Mtu akialikwa Jumamosi hujibu *Doyoobi wa chotto...*, "Jumamosi, kidogo...", kisha sauti ikapungua na sentensi ikaachwa hapo. Jibu hilo limekamilika: hawezi. Kumuuliza "kidogo nini?" ni kumlazimisha aseme alichokuwa anakiepuka. Vivyo hivyo katika biashara, *kentoo shimasu*, "tutalitafakari", mara nyingi ni kukataa kwa adabu.

*Daijoobu* ni mfano mzuri wa neno linalogeuka. Asili yake ni ya Kichina, likimaanisha mwanamume imara, shupavu. Kijapani kikalichukua kwa maana ya "salama, hakuna wasiwasi". Aliyeanguka na baiskeli huulizwa *Daijoobu desu ka?*, "U mzima?" Lakini dukani lina kazi nyingine. Tangu tarehe 1 Julai 2020 maduka ya Japani hutoza mifuko ya plastiki, kwa hiyo muuzaji huuliza kama mteja anahitaji mfuko. Akijibu *daijoobu desu*, amesema "hapana, asante". Anayeutaka husema *onegai shimasu*. *Kekkoo desu* nayo ina pande mbili: ikihusu chakula kilicholiwa ni sifa, na ikijibu "nikuongeze chai?" ni "nimetosheka".

Kuita watu na ngazi za heshima

Jina la ukoo hutangulia, na baada yake huja kiambishi cha heshima. *San* humfaa karibu kila mtu, mwanamume au mwanamke. *Sama* ni ya juu zaidi, kwa wateja na katika barua. *Kun* hutumika zaidi kwa wavulana na kwa vijana walio chini ya msemaji, na *chan* kwa watoto na wapendwa. *Sensei*, ambalo kwa herufi zake ni "aliyetangulia kuzaliwa", huitwa walimu, madaktari, wanasheria, waandishi na wanasiasa. Sheria moja haivunjwi: mtu hajiiti *san* mwenyewe.

Chini ya desturi hizi kuna mgawanyo wa *uchi* na *soto*, wa ndani na wa nje. Mama yangu, nikimtaja kwa watu wa nje, ni *haha*. Mama wa mwenzangu ni *okaasan*. Karani humwita meneja wake kwa heshima zote ndani ya ofisi, lakini mteja akipiga simu, karani humtaja meneja huyo huyo kwa jina la ukoo bila *san*, kwa sababu mbele ya mteja meneja ni wa ndani.

Lugha ya heshima yenyewe huitwa *keigo*. Shuleni hufundishwa katika mafungu matatu: ya kumkweza mwingine, ya kujishusha, na ya adabu ya jumla. Mwaka 2007 baraza la serikali la masuala ya utamaduni lilitoa mwongozo unaoigawa katika mafungu matano. Kitenzi "kula" kinaonyesha jinsi inavyofanya kazi: *taberu* ni kula kwa kawaida, *meshiagaru* ni kula kwa mtu unayemheshimu, na *itadaku* ni kula kwako wewe mbele yake. Wajapani wenyewe hujifunza ngazi hizi kwa bidii wanapoanza kazi.

Maneno yanayobeba msimamo wa maisha

*Ganbaru* ni kujikaza na kutokata tamaa. Mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani na mwanariadha anayeingia uwanjani huambiwa *ganbatte!* Baada ya tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995, wachezaji wa besiboli wa timu ya mji huo, Orix, walivaa sare zenye maneno *Ganbaroo Kobe*, "Tujikaze, Kobe", na mwaka huo huo wakatwaa ubingwa wa ligi yao. Lakini neno hili lina mpaka: aliyelemewa na sonona au msiba anaweza kulisikia kama mzigo mwingine.

*Shikata ga nai*, au kwa ufupi *shooganai*, ni "hakuna namna". Treni ikicheleweshwa na theluji au sherehe ikiharibiwa na mvua, neno hili hufunga malalamiko ili watu waendelee na linalowezekana.

*Mottainai* ndilo lililofika Afrika Mashariki kwa heshima kubwa. *Mottai* ni hadhi au thamani ya asili ya kitu, na *nai* ni ukanushi. Mtoto akiacha punje za wali bakulini, bibi yake husema *mottainai*: chakula kimevunjiwa heshima yake. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alilisikia alipozuru Japani Februari 2005. Aliona kwamba neno moja limekusanya kupunguza matumizi, kutumia tena na kurejeleza taka, na juu ya hayo yote, heshima kwa mali asili. Mwezi uliofuata alilipeleka katika mkutano wa Umoja wa Mataifa jijini New York, akawaongoza washiriki kulitamka. Wajapani wengi walilitazama upya neno la bibi zao baada ya mwanamke huyu wa Nyeri, Kenya, kulithamini.

Njia ya kujifunza

Anayeanza asijilazimishe kukariri orodha ndefu. Ashike kwanza *ohayoo gozaimasu*, *sumimasen*, *arigatoo gozaimasu*, *itadakimasu* na *yoroshiku onegai shimasu*, kila kimoja pamoja na mahali pake na mtu wake. Asikilize kinasemwa na nani, kisha akitumie hapo hapo. Akikosea sarufi atasamehewa, maana Wajapani hawatarajii mgeni azungumze *keigo* kamili. Akikumbuka kumsalimu jirani asubuhi na kumshukuru aliyempikia, atakuwa tayari amezungumza Kijapani kinachoeleweka.